Ekseli ya Upande Mrefu

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka 2004, nilimpoteza mke wangu. Alifia njiani, juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa na wanaume wanne, kati ya nyumba yetu, kijijini Daudi, na barabara ya kwenda Mbulu mjini. Nyuma ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na landrova yangu. Ilikuwa imesimama juu ya mawe tangu Januari, ekseli moja ya nyuma imekatika.

Gari lile nililipata mnadani. Elimu yangu ni darasa la saba, na miaka mingi nilikuwa dereva kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Hanang. Ilipofika miaka ya soko huria, watu na vyombo vikaanza kupunguzwa, na siku moja ziliuzwa landrova mbili kuukuu. Zilikuwa pacha. Ziliingia nchini pamoja, zote za kijani, na namba zake zilifuatana. Moja niliichukua mimi kwa kiinua mgongo changu. Ya pili aliichukua mzee mmoja mfugaji wa Balangdalalu, ambaye aliuza mafahali na kuja na fedha ndani ya kibuyu. Watu walimcheka mpaka alipofungua kizibo.

Asiyejua magari nimweleze kidogo. Katikati ya magurudumu ya nyuma kuna kibuyu cha chuma ambacho mafundi wanakiita difu. Kutoka humo zinatoka ekseli mbili, nondo nene zenye meno, kila moja inapeleka nguvu kwenye gurudumu lake. Kwenye landrova za zamani difu halikukaa katikati sawasawa, kwa hiyo ekseli ya upande wa dereva ni fupi na ya upande wa abiria ni ndefu. Ile ndefu ndiyo inayokatika. Inajipinda kama mkono unaokamua nguo, halafu siku moja mlimani unasikia mlio mmoja tu, na gari halisogei tena. Wenye bahati wanaweza kurudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Mimi propela ya mbele, nondo inayopeleka nguvu huko, niliitoa zamani, ilipokwisha na spea yake ikakosekana.

Enzi za shida spea zilikuwa hazipatikani, lakini ikipatikana ilikuwa ya kweli. Ilikuja imezungushiwa karatasi yenye grisi, nzito, haina mng'ao. Baada ya soko huria maduka ya Arusha yalijaa. Kila kitu kilikuwepo, kilimetameta, na hakikudumu. Nilikwisha kununua ekseli za kuigiza mara mbili na zote zilijipinda kabla ya msimu kwisha. Ile Januari muuza spea mmoja wa Mbulu mjini alinitolea ya tatu.

"Nataka orijino," nilimwambia.

"Mzee, orijino humu dukani ni wewe peke yako," alisema. "Mimi mwenyewe meno ya mbele ni ya kununua." Akacheka akanionyesha.

"Hii itanifikisha wapi?"

"Itakufikisha mjini na kukurudisha. Baada ya hapo ni Mungu."

Nikamwambia nitasubiri ya kweli. Nilirudi nyumbani nikajiona mtu mwenye msimamo. Mke wangu aliangalia gari pale juu ya mawe, akasema, "Wewe na chuma chako. Basi kuku wangu wamepata nyumba." Na kweli, wiki ile ile kuku mmoja alitaga kwenye kiti cha abiria, naye akawa anaenda kuokota mayai kwa kufungua mlango taratibu kama mtu anayeingia ofisini.

Alipougua, alisema ni mafua. Siku ya pili akasema ni kifua. Usiku wa siku ya tatu hakusema. Mvua ilikuwa imenyesha na njia imekuwa utelezi. Wale wanaume wanne waliteleza mara nyingi lakini hawakumwangusha, nawashukuru mpaka leo. Mimi nilitembea pembeni nimeshika mkono wake, na nikaujua mkono ulipobadilika.

*

Kwetu nyumba iliyofiwa na mke au mume hujitenga. Ni desturi ya zamani, tunaiita metimani. Aliyefiwa haingii nyumba za watu, hashikani mikono, hanywi kwenye chombo cha mwingine. Ng'ombe wake hawanywi maji pamoja na wa jirani. Hakopeshi jembe wala hakopeshwi. Watu wanamsalimia kwa mbali, naye anaitikia kwa mbali. Wanaoogopewa kuliko wote ni wajawazito na watoto wachanga, kwa sababu kifo, wazee wanasema, hung'ang'ania mwili wa mfiwa kama ukungu unavyong'ang'ania mlima, na kinapenda kurukia kilicho kipya. Unakaa hivyo mpaka muda upite, unyolewe nywele, ndipo unarudi kwa watu.

Sisi ni Wakristo tangu baba yangu. Katekista alikuja, akasimama mlangoni, akaniambia Kristo alikwisha kumaliza mambo hayo. Nikamwitikia. Alipoondoka, nilimwona anakwenda kunawa mikono mtoni. Sikumlaumu. Misa ya marehemu ilisomwa, na mimi nilijitenga mpaka mavuno kama wazee walivyoelekeza. Nilifanya yote mawili. Wengi wetu tunafanya hivyo na hatusemi.

Shida ilikuwa binti yangu. Alikuwa ameolewa hapo hapo Daudi, ng'ambo ya bonde, na alikuwa na mimba ya kujifungua mwezi wa tano. Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa, na aliambiwa wa pili asithubutu kujaribu nyumbani. Kwa sababu ya mimba ile, yeye ndiye mtu niliyekatazwa kumkaribia kuliko wote. Alikuwa anatoka jioni anasimama kwenye ukingo wa shamba lao, tunazungumza kwa kupaaza sauti, bonde zima likisikia.

"Baba! Umekula?"

"Nimekula!"

"Umekula nini?"

"Ugali na maharage!"

"Muongo! Moshi wa kwako sijauona tangu asubuhi!"

Watu waliokuwa wanapalilia walicheka. Mimi nilikuwa namtazama, mdogo kule ng'ambo, tumbo mbele, na nilichokuwa naona ni kitanda cha kamba.

Mwezi ule ule wa tatu nilimwomba mume wake, kwa kupaaza sauti hivyo hivyo, aninunulie ile ekseli ya kuigiza niliyoikataa. Aliileta akaiacha kwenye mpaka wa shamba. Niliifunga peke yangu. Nikaondoka alfajiri, kabla watu hawajajaa njiani, nikalijaribu gari mpaka Mbulu mjini. Sikushuka. Nilifika mbele ya geti la hospitali, nikageuza. Wakati wa kurudi, kwenye mlima wa mwisho kabla ya Daudi, nikasikia ule mlio.

Kwa hiyo yule kijana wa meno ya kununua alisema kweli tupu. Ilifika mjini, na ikakatika wakati wa kurudi. Nilikaa kwenye usukani, mikono imeshika, na sikulia siku ya mazishi kama nilivyolia pale.

Sikuweza kuazima maksai wa mtu. Nilikwenda kuwachukua wa kwangu wawili, nikawafunga kwenye bampa, wakalivuta mpaka nyumbani. Watu waliosimama pembeni kutazama hawakusogea kusaidia kusukuma, nami sikuwaita.

*

Nilijua ilipo ekseli ya kweli. Ilikuwa ndani ya ile pacha, Balangdalalu. Nilikuwa nimesikia gari la yule mzee lilikufa injini muda mrefu, na limekaa bomani. Nyuma ya gari lililokufa injini ni nzima.

Mwezi wa nne niliondoka. Desturi ilinikataza, na nilijua inanikataza. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya mjamzito yule yule ambaye desturi inataka kumlinda. Hilo lilikuwa kweli, na kweli hiyo niliikalia kama blanketi njia nzima. Nilipanda lori la mnada, nikabanana na watu, magoti yakigusana. Mama mmoja alinipa nimshikie kuku wake, nikamshika. Sikusema na mtu.

Boma nililikuta upande wa chini wa barabara, mbali na nyumba nyingine, miti ya miiba imezungushiwa. Landrova ilikuwa ndani ya boma kabisa, rangi ya kijani imegeuka majivu. Ndama amefungwa kwenye mpini wa mlango. Mzee alitoka, mrefu, amejifunga shuka, akanitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe nakujua. Wewe dereva wa ngano!"

"Ndimi."

"Mtu wa mlimani! Bado mnaishi ndani ya ardhi kama fuko?"

"Siku hizi tunaezeka bati, mzee. Tunalowa kama ninyi."

Babu zetu walichimba nyumba zao ardhini, na watu wake hututania hivyo tangu zamani. Alicheka sana, akanyoosha mkono. Nami nikaushika. Hilo ndilo kosa la kwanza. Kama ningesema pale mlangoni, nisingeingia, na ndiyo maana sikusema. Na watu wake wanaogopa mfiwa kama sisi, wengine zaidi yetu.

Nilimweleza ninachotafuta. Nilimwambia binti yangu anakaribia kujifungua na hana njia ya kufika hospitali. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Mzee akapiga bodi la gari kwa kiganja.

"Hili? Hili lilinilia mafahali wangu, halafu likalala. Ng'ombe akifa unakula nyama yake. Hili likifa huli kitu! Mhunzi alikuja akataka springi atengeneze mikuki, mke wangu akakataa."

"Kwa nini?"

"Anasema ndama wanapenda kivuli chake. Chukua chuma chako. Chukua."

"Nitakulipa, mzee."

"Utalipaje nyama ya gari? Fungua."

Nililala chini ya gari lile mpaka jua likapinda. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazipiga, nikazimwagia mafuta, nikazisubiri. Upande wa abiria kwanza. Ekseli ilipotoka ilitoka taratibu, nyeusi, imejaa grisi ya zamani, meno yake yote kumi ni mazima, pembe zake kali. Niliipangusa nikakuta alama ya kiwanda imepigwa mwishoni. Nilisahau kila kitu kwa muda. Nasema hivi ingawa ni aibu: kwa muda wa kupangusa chuma kile nilikuwa na furaha, na mke wangu hana hata siku arobaini.

Nikaanza kulegeza na nati za upande wa dereva, maana ekseli fupi nayo ningeihitaji siku moja. Mke wa mzee akaniita nije ninywe maziwa. Nilikunywa, kwenye kibuyu walichonywea na wao. Hilo ni la pili.

Halafu bibi yule akaingia ndani, akatoka na kitu amekifunika kwa ngozi laini. Sikujua kama nyumba ile ina mtoto mchanga. Hakuna aliyeniambia, kama na mimi ambavyo sikuwaambia. Alikuwa mdogo sana, bado uso una mikunjo.

"Mjukuu," bibi alisema. "Mama yake yuko ndani bado. Wewe mgeni umetoka mbali, una mvi. Mbariki."

Kwao na kwetu mate ya mzee ni baraka. Unamtemea mtoto kidogo kifuani au kwenye paji la uso, unasema maneno mema. Mgeni aliyekuja kwa heri, baraka yake inatafutwa. Mzee alikuwa anatabasamu. Bibi amenyoosha mikono. Mimi nimekaa na kibuyu chao mkononi, ekseli yao miguuni.

Nilimtemea. Nikasema, "Ukue, uwe na ng'ombe." Bibi akaitikia kwa lugha ya kwao, akamrudisha ndani.

*

Niliaga, nikaibeba ekseli begani mpaka barabarani, nikakaa kusubiri lori. Ilikuwa imeniachia grisi shingoni. Niliiweka chini. Nilijaribu kusali na sikufika mbali, kwa sababu kila nilipofika mahali pa kusema "utusamehe" nilijiuliza kwa nini namwambia Mungu ambaye anajua, na simwambii yule bibi ambaye hajui.

Lori likaja. Utingo akapiga kelele, "Mzee, panda na mtaimbo wako!" Nikampungia aende. Nikainyanyua ekseli nikarudi.

Safari hii sikuingia. Nilisimama nje ya miiba nikaita. Mzee akatoka na bibi nyuma yake.

"Umesahau nini, dereva?"

"Mzee, mimi nimefiwa. Mke wangu. Mwezi uliopita."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Gari lilikuwa bovu. Alibebwa kwa kitanda, hakufika. Ndiyo sababu naogopa kwa binti yangu. Nilitakiwa nijitenge. Nilikuja hivyo hivyo."

"Umenyolewa?"

"Bado."

Bibi aliweka mkono kinywani. Akageuka akaenda ndani, hakukimbia, lakini alikwenda kwa haraka. Nikasikia sauti za wanawake, chini chini. Mzee alitazama mikono yake. Nilijua anaiona ile salamu.

"Kwa nini hukusema mlangoni?" aliuliza.

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza," alikubali. "Ningekuambia ukae pale kwenye mti, na ningemtuma mtu akufungulie chuma akuletee. Unadhani mimi sina binti?"

Sijawahi kuambiwa neno lililoniumiza kama lile, na alilisema bila ukali. Kweli haikuwa imenijia akilini kwamba mtu anaweza kukufukuza na kukusaidia kwa pamoja.

Niliilaza ekseli chini mbele ya miiba. "Naiacha hapa, mzee."

"Uiache ifanye nini? Imekwisha kushikwa na wewe. Mimi siigusi." Akafikiri. Ndama alilia kule kwenye gari. "Peleka. Mpeleke mtoto wako hospitali. Ukimaliza msiba wako, ukinyolewa, urudi. Umtemee mjukuu mate mengine, ya mtu safi, yaondoe haya ya leo. Siku hiyo utachukua na chuma cha upande wa pili."

"Nitarudi."

"Urudi mapema. Mate ya leo yasikae sana."

Bibi hakutoka tena. Niliondoka bila kumuaga.

*

Ekseli iliingia kama imeumbwa kwa ajili ya difu lile, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa tano binti yangu alishikwa na uchungu mchana, mvua inanyesha. Mume wake alimketisha nyuma na mama mkwe wake, mimi mbele peke yangu, nimefunga kitambaa mdomoni na pazia la turubai katikati yetu. Hatukusemeshana. Kwenye ule mlima nilizuia pumzi. Gari likapanda. Alijifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kiume, wote wazima. Niliambiwa habari nikiwa nimesimama nje ya geti, kwenye mvua, na yule mkwe wangu alisahau desturi akanikumbatia.

Baada ya mavuno nilinyolewa. Watu walikuja, wakala, wakanywa, wakanishika mkono mmoja mmoja. Jioni ile binti yangu akaniwekea mjukuu mapajani, akasema, "Haya baba, mbariki. Alikuwa anakusubiri wewe." Nilimtemea mate, na mdomo wangu ukakumbuka mate ya siku ile nyingine.

Ningeondoka kesho yake. Gari lilikuwepo, zima kuliko lilivyokuwa kwa miaka kumi. Kumbe uzima wake ndio ulionifunga. Kesho yake kulikuwa na mgonjwa wa kupeleka mjini. Wiki ile kulikuwa na magunia ya maharage. Kisha msiba wa jirani, kisha harusi, kisha mama wa Maretadu aliyevunjika mguu. Watu walisema ekseli ile ina baraka. Kila safari nilijiambia wiki ijayo nakwenda Balangdalalu. Nilikuwa naisikia ikizunguka chini yangu, haina mlio wowote, na huo ukimya ndio uliokuwa unanisema.

Sitasema nilikosa nafasi. Niliogopa. Niliogopa kufika nikaambiwa mtoto alikufa, na kwa kuogopa hivyo nikawa namwacha na mate yangu, kama kweli mate yana nguvu. Mchana siamini kama yana nguvu. Naamini mtoto anaugua kwa malaria, kwa maji machafu na kwa baridi. Lakini niliahidi, na aliyeniomba anaamini, na kitu nilichopewa nilikuwa nakitumia kila siku.

Nilikwenda mwaka uliofuata, mwezi wa kumi. Nilikwenda na gari lenyewe. Nilibeba gunia la mahindi na blanketi la mtoto, nikajua njiani kwamba blanketi ni dogo, kwamba atakuwa anatembea. Mvua zilikuwa zimekosekana na nyanda zote zilikuwa rangi moja.

Miiba ya boma ilikuwa imeanguka upande mmoja. Nyumba hazikuwa na paa. Hapakuwa na samadi mbichi. Landrova ilikuwepo palepale, na kamba ya ndama bado imening'inia kwenye mpini wa mlango.

Mama mmoja alipita na punda wawili wamebeba madumu ya maji. Nilimsalimia, nikamuuliza wenyewe wako wapi.

"Walihama. Walifuata majani upande wa Singida."

"Lini?"

"Tangu kiangazi kilipoanza. Wewe ni ndugu yao?"

"Hapana. Kulikuwa na mtoto mdogo hapa. Mjukuu wa mzee."

"Mjukuu yupi? Wale wana watoto wengi."

"Aliyezaliwa mwaka jana, masika."

Alifikiri kwa nia njema kabisa, nikamwona anafikiri. "Sijui," alisema. "Mimi nakaa kule." Akawaswaga punda wake.

Nilimpa gunia la mahindi apeleke kwake, akalipakia kwa shukrani nyingi. Blanketi nililiacha kwenye kiti cha lile gari lao, kisha nikalirudisha, maana panya wangelila tu, halafu nikaliacha tena.

Nilizunguka upande wa dereva. Zile nati nilizoanza kuzilegeza siku ile, kabla sijaitwa kunywa maziwa, zilikuwa hivyo hivyo, zimetoka nusu. Ekseli fupi ilikuwa ndani. Ilikuwa ya kweli kama mwenzake, na ya kwangu upande ule ilikwisha kuanza kujipinda. Nilikuwa na spana. Hapakuwa na mtu.

Nilipiga magoti, nikazikaza nati zote mpaka mwisho. Nikapangusa spana, nikairudisha kwenye boksi, nikapanda gari langu nikaliwasha.